"Uzembe wa Dereva." Halafu?

Mada iliyo mezani: *Katika kuchunguza ajali, mchoro wa chanzo na matokeo unafaa kuliko kumtafuta mkosaji.*

Wasemaji watano wa mjadala huu ni wa kubuni, na kisa cha pikipiki kitakachochorwa humu ni cha mfano. Ajali kubwa zinazotajwa kwa tarehe ni za kweli. Mahali ni Galula, Wilaya ya Songwe, katika bonde la Rukwa, ambako Mto Songwe unateremkia ziwani. Barabara ya Galula inapanda hadi Mbalizi na kuungana na barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Mgonjwa wa rufaa, gunia la mpunga na mwanafunzi anayerudi shule, wote hupitia pale. Kwa hiyo kinachotokea kwenye miteremko ya Mbeya huku nako kinaleta msiba.

MWALIMU: Nianze na maneno tunayoyasikia redioni baada ya kila ajali: chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Tukishayasikia tunazima redio, kesi imekwisha. Tarehe 1 Julai 2018, kati ya Iwambi na Mbalizi, lori lilishindwa kusimama likagonga magari mengine. Watu 20 walikufa. Tarehe 7 Juni 2025, eneo lilelile, lori jingine, dereva mwingine: watu 28. Kama chanzo ni uzembe wa mtu mmoja, mbona mteremko ule haukosi wazembe wapya?

Ninachopendekeza ni mchoro. Mjapani Kaoru Ishikawa aliueneza viwandani katika miaka ya 1960, na wengi wanauita mfupa wa samaki. Unaandika tatizo kichwani, unavuta uti wa mgongo, halafu unachomoza miiba: watu, chombo, njia, mzigo, taratibu, mazingira. Chini ya kila mwiba unauliza, "Kwa nini?" Ukijibiwa, unauliza tena. Sakichi Toyoda na kampuni ya Toyota walizoea kuuliza hivyo hata mara tano, kwa sababu jibu la kwanza huwa ni dalili tu.

MZEE WA BARAZA: Mwalimu, nimekaa baraza la kata miaka mingi. Sisi hatuchori, tunauliza: nani kafanya? Na watu hupata haki yao. Sababu zikiwa ishirini ubaoni, mwenye kosa anajificha katikati yao kama panya ghalani. Atasema, "Mimi ni mwiba mmoja tu." Na wahenga walishatuambia ajali haina kinga. Yapo ya Mungu, na yapo ya mtu anayestahili kufungwa. Hapo katikati sioni kazi ya chaki.

DEREVA WA LORI: Shikamoo mzee. Mimi nimeendesha Dar hadi Tunduma, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu huo uzembe. Lori lililoshiba, tani 56 kama sheria ya Afrika Mashariki inavyoruhusu, halishushwi kwa breki. Linashushwa kwa gia. Unaingiza gia ndogo ukiwa bado juu, injini inalishika, breki unazigusa tu. Dereva aliyeanza mteremko na gia kubwa atakanyaga breki njia nzima. Zitachemka, na zikichemka hazishiki hata ukisimama juu ya pedeli kwa miguu miwili. Wapo wanaoteremka na gia huru ili kuokoa dizeli. Ni kosa, sitalitetea. Ila uliza dizeli hiyo inaokolewa kwa ajili ya nani. Uliza posho ya safari ilikuwa kiasi gani. Uliza dereva alikaa siku ngapi kwenye foleni ya mpakani, na bosi alimpigia simu mara ngapi. Uliza breki za tela zilikaguliwa lini na nani alisaini. Mzee, ukinifunga mimi, kesho bosi yuleyule anaajiri kijana mwingine, kwa posho ileile na tela lilelile.

MZEE WA BARAZA: Marahaba, mwanangu. Umesema vizuri, lakini umeongeza washtakiwa tu. Sasa tuna dereva, bosi na mkaguzi. Hapo bado nauliza "nani".

BODABODA: Naomba tuache maneno, tuchore. Mimi nitatoa kisa, Mwalimu achore. Ni jioni ya siku ya gulio. Nimebeba mishikaki, abiria wawili, na gunia la mchele juu ya tangi. Nakata kona, nakutana na ng'ombe wanavuka. Nakanyaga breki, haishiki. Tunaanguka. Abiria wa nyuma kavunjika mguu. Haya, chora.

MWALIMU: Kichwani siandiki "ajali". Naandika madhara yenyewe: *abiria kavunjika mguu*. Neno "ajali" ni pana mno, kila mtu atalijaza analotaka. Sasa, kwa nini mguu ulivunjika? Kwa sababu pikipiki iliangukia upande wake ikiwa bado na kasi. Kwa nini ilikuwa na kasi? Kwa sababu haikuweza kusimama katika umbali uliobaki. Hapa mstari unagawanyika mara tatu: breki dhaifu, mzigo mzito, na ng'ombe walioonekana wakiwa karibu mno. Yote matatu yalihitajika kwa pamoja. Ondoa lolote kati ya hayo, huenda tungekuwa tunasimulia jinsi ulivyoponea chupuchupu.

MZEE WA BARAZA: Hilo halikutoka Japani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

MWALIMU: Ndiyo maana yangu hasa, mzee wangu. Tazama Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, watu zaidi ya 100 wakafa. Petroli iliyomwagika peke yake haiui umati. Umati peke yake hauungui. Cheche peke yake inazimika. Mchoro mzuri unaonyesha yaliyolazimika kukutana, na kila makutano ni mahali pa kukata. Malori ya mafuta yanayokwenda Zambia yanapita mkoani kwetu kila siku. Tukiandika "tamaa ya wananchi" tukaishia hapo, hatutauliza nani anapaswa kuzuia watu wasisogee katika dakika kumi za mwanzo, na kwa kamba ipi.

Turudi kwa kijana wetu. Breki: kwa nini ilikuwa dhaifu?

BODABODA: Ilikwisha zamani. Sikubadilisha.

MWALIMU: Kwa nini?

BODABODA: Pikipiki ni ya mkataba. Kila siku napeleka hesabu kwa tajiri. Siku ya matengenezo hakuna kazi, ila hesabu iko palepale. Nikikosa hesabu mara kadhaa, anaichukua, hata kama nimebakiza miezi miwili iwe yangu.

MWALIMU: Na mishikaki?

BODABODA: Nauli ya mmoja ni kubwa kwa mtu aliyeuza debe moja la mpunga. Wawili wanagawana. Hata nikikataa, mwenzangu wa kijiweni atawachukua.

MWALIMU: Na ng'ombe?

BODABODA: Wale hurudi kunyweshwa jioni. Na gulio huvunjika jioni. Barabara ni hiyohiyo moja, na taa yangu ya mbele inamulika kama mshumaa.

MWALIMU: Mmesikia? Mfugaji hana kosa, ng'ombe wanarudi saa yao. Mwenye gulio hana kosa, soko linafungwa saa yake. Lakini saa hizo mbili zinakutana kwenye kona moja wakati jua limezama. Baraza likiuliza "nani" halitaona jambo hili hata siku moja, maana halina mshtakiwa. Na huenda ndilo lililo rahisi kuliko yote kulirekebisha: gulio lifungwe saa moja mapema, au mifugo ipewe njia yake ya kuvukia.

MUUGUZI: Nami niseme. Mnaongea kama jambo hili ni jipya, kumbe zahanati na vituo vya afya tunalifanya. Mama akifariki kwa uzazi, tunakaa kuchunguza kifo chake. Kanuni ya kikao ni kwamba hakuna kutaja jina na hakuna kulaumu. Tunafuata ucheleweshaji wa aina tatu, ambao wataalamu Thaddeus na Maine waliuandika mwaka 1994: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Zamani tungesema, "Amefariki kwa kutoka damu." Kweli, damu ilitoka. Lakini kwa nini mume alisubiri shemeji arudi shamba ndipo waamue? Kwa nini gari halikupatikana usiku? Kwa nini damu ya kumwongezea haikuwepo?

Na utaratibu huo umezaa kitu. Ucheleweshaji wa pili ndio uliojibiwa na mfumo wa m-mama. Unapigwa simu namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali, anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa pale jirani, analipwa kwa simu. Mwaka 2022 mpango ulianza kusambazwa nchi nzima. Hakuna mume aliyefungwa ili hilo litokee.

BODABODA: Basi dada, wewe uko upande wa Mwalimu.

MUUGUZI: Subiri, sijamaliza. Nimekaa vikao vingi vya hivyo, na najua jinsi mchoro unavyoharibika. Saa sita imefika, watu wana njaa, mwiba mmoja uko mtupu. Mtu anasema, "Andika uelewa mdogo wa jamii." Inaandikwa. Kwenye safu ya utatuzi tunaandika, "Elimu itolewe." Nani aitoe, lini, kwa nani? Kimya. Karatasi imejaa, picha imepigwa, taarifa imetumwa. Kila mchoro wenye "uelewa mdogo wa jamii" nautilia shaka, kwa sababu jamii haikuwepo kwenye kikao kujitetea.

MZEE WA BARAZA: Sasa nasikia jambo. Kumbe karatasi nayo inaweza kuwa zembe.

MUUGUZI: Sana, mzee wangu. Ndiyo maana naomba kila tawi liwe na ushahidi. Lililothibitishwa lipigiwe vema, linalodhaniwa liwekewe alama ya kuuliza. "Taa ilikuwa hafifu": nani aliiwasha baada ya ajali akaiona? Bila hivyo tunachora fununu kwa rula.

MZEE WA BARAZA: Nirudi kwenye hoja yangu, nayo haijajibiwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Kikapinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara kutoka Bugolora. Watu zaidi ya 220 wakafa. Pale palikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu abiria na kusema, "Basi, kimejaa." Hakusema. Rais Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe, na bodi ya TEMESA, wakala uliokiendesha kivuko hicho, ikavunjwa. Mlitaka akae achore samaki wakati maiti zinatolewa majini?

MWALIMU: Wakamatwe, sikatai. Ila nikurudishe nyuma miaka 22. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Waliosafiri daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuandikwa kabisa, kwa hiyo hatukujua kwa hakika chombo kilibeba watu wangapi. Iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga, na watu walishtakiwa. "Nani" iliulizwa vya kutosha. Kisha mwaka 2018, ziwa lilelile, chombo kimejaa kupita kiasi, na kwa mara nyingine taifa zima linauliza ndani mlikuwa na watu wangapi.

Mchoro wa MV Nyerere ungekuwa na tawi ambalo pingu hazilifikii. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora. Gulio lina ratiba, kila mtu kisiwani anaijua. Ratiba ya kivuko ilibadilika siku hiyo? Ukikosa safari ile, unalala wapi na mzigo wako? Walionusurika walisimulia abiria wakisogea upande wa kutokea chombo kilipokaribia gati. Je, palikuwa na kizuizi au mtu wa kuwaambia wabaki walipo? Ukimfunga mhesabu abiria na usiguse matawi haya, Alhamisi ijayo watu walewale watasimama gatini na mizigo ileile mbele ya mhesabu mpya.

MZEE WA BARAZA: Na usipomfunga, huyo mpya atajifunza kwamba kutohesabu hakuna gharama. Hilo nalo ni tawi. Lichore.

MWALIMU: Nalichora, na nakushukuru. Adhabu isiyotolewa ni sababu miongoni mwa sababu. Hapo umenikamata.

DEREVA WA LORI: Mimi nataka kujua chaki iko mkononi mwa nani. Dereva aliyenusurika hasemi kweli mbele ya mtu mwenye pingu. Atasema breki zilikatika ghafla, hata kama alijua tangu Makambako kwamba zinavuta upande. Utingo atasema alikuwa amelala. Bosi ataleta karatasi ya ukaguzi ya mwezi uliopita. Mtachora vizuri sana, uongo mtupu. Anayechunguza ili kushtaki na anayechunguza ili isitokee tena wakiwa mtu mmoja, mchoro umekufa kabla haujaanza.

MWALIMU: Wa ndege walishaliona hilo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kipo tangu mwaka 1951, na kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kesi ikiwepo, ina njia yake. Ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 kati ya 43 wakafa, wachunguzi wa ajali za ndege waliingia kazini chini ya utaratibu huo. Abiria wa ndege wamepewa uchunguzi wa aina hiyo kwa zaidi ya miaka 70. Abiria wa Hiace ya Mbalizi anapewa sentensi moja ya redioni.

BODABODA: Na abiria wa bodaboda hapewi hata hiyo. Mwalimu, mchoro wako umenionyesha mimi, tajiri, abiria, ng'ombe na gulio. Safi. Lakini tajiri yuko mjini, sina ubavu wa kumbadilishia mkataba. Barabara si yangu. Kati ya matawi yote yale, langu ni lipi?

MUUGUZI: Breki. Vijana wa kijiwe wachange kila wiki, mfuko uwakopeshe wa kununua breki, na asiyekaguliwa asipange foleni ya abiria. Hilo halihitaji tajiri wala waziri. Anza na tawi ambalo mkono wako unalifikia, na lile usilolifikia liandikie jina la mwenye mkono mrefu.

MZEE WA BARAZA: Mkiandika majina ya wenye mikono mirefu, mimi nitasaini. Lakini mtu wa hapa akifanya uzembe wa makusudi, asije barazani na karatasi ya samaki.

*

Hapo wasemaji wanyamaze, mwandishi atoe uamuzi.

Mada ilivyowekwa ina kasoro: imelinganisha vitu ambavyo vinapaswa kufuatana. Mzee ana haki anapokataa mchoro uwe maficho, na Mwalimu amekubali kwamba kutowajibika ni chanzo kamili cha ajali. Lakini mpangilio una uzito wake. Swali la "nani" lina nguvu ya kufunga mkutano. Likijibiwa tu, watu wanaanza kutafuta viatu vyao. Swali la "nini kiliruhusu" linahitaji watu wawe bado wamekaa. Kwa hiyo mchoro uanze na hukumu ifuate. Tena hukumu itakayofuata itakuwa pana zaidi: itamfikia mwenye tela pamoja na mwenye usukani.

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya Muuguzi. Miaka 22 kati ya MV Bukoba na MV Nyerere, na miaka saba kati ya ajali mbili za Iwambi, haikupita kwa sababu sababu hazikujulikana. Kujaza chombo kupita kiasi, abiria wasioandikwa, lori zito kwenye mteremko mrefu: mambo haya yalijulikana kabla ya ajali ya pili. Tatizo letu haliko upande wa samaki wenye miiba. Liko kwenye safu ya mwisho kulia, ile ya nani atafanya nini kabla ya tarehe gani, na nani atarudi kukagua. Mchoro usio na safu hiyo ni maelezo mazuri ya msiba, basi.

Galula haihitaji tume ili kuanza. Ajali yenye majeruhi ikitokea ndani ya kata, waitwe katika wiki mbili wale waliokuwepo na wale wanaotumia barabara: kijiwe cha bodaboda, wafugaji, wauza gulioni, muuguzi, mtendaji. Polisi waendelee na kazi yao mahali pengine. Kikao kichore, kiweke vema na alama za kuuliza, kisha kichague hatua zisizozidi tatu. "Elimu itolewe" isihesabiwe kuwa hatua mpaka iandikwe atakayeitoa na siku yake.

Na pawe na mahali pa kuulizana. Kila miezi mitatu mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi, na watu wa Galula wanajua kuuliza fedha ya mlango wa darasa ilikwenda wapi. Kwenye ajenda hiyohiyo mtendaji asome pia hatua zilizoahidiwa baada ya ajali iliyopita: ipi imefanyika, ipi haijafanyika, na jina la nani liko mbele yake. Hapo Mzee atapata "nani" wake.